Saa ya Mama Zainabu

Kuna siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, hata ninapojitahidi kuisahau. Ilikuwa Jumatano asubuhi, mtaani Huruma, katika kibanda cha kutengenezea saa nilichofanyia kazi na Mzee Wafula. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimeshaoa, na nilijiona fundi kamili. Mzee Wafula ndiye aliyenifundisha.

Wiki hiyo Mama Zainabu, mjane mwenye duka la vitambaa Eastleigh, alikuwa ametuletea saa ya marehemu mumewe. Ilikuwa saa ya mkono ya kutiwa ufunguo, na aliyeiunda alikuwa amevichonga vyuma vya ndani hadi vikabaki vyembamba kama miiba ya samaki, ukiitazama unaona kila gurudumu likizunguka. Alitaka kumvisha mkwewe siku ya harusi ya binti yake.

Mzee aliifungua yote, akaisafisha, ikaanza kwenda. Akavuta kifundo cha pembeni ili isimame, maana ilibaki kuwekwa mishale tu. Asubuhi hiyo alikuwa anaenda kwa daktari wa macho. Akaniambia, "Odera, hiyo mishale iache mpaka nirudi. Saa ya namna hii ukiikandamiza kutoka juu bila kuitegemeza chini, unaivunja. Nitakuonyesha."

Nikasema sawa. Alipopinda kona tu, nikavuta kiti.

Niliweka mshale wa saa, ukakaa. Nikaweka wa dakika, ukakaa. Hapo nikajisifu. Kisha nikauweka ule wa sekunde, mwembamba kama unywele, nikaubonyeza bila kitu chini. Nikasikia mlio mdogo, kama punje ya mchele inayovunjwa kwa jino. Nikasukuma kifundo ili saa iende. Haikwenda. Kijiwe kinachoshika mhimili wa katikati kilikuwa kimepasuka.

Niliing'oa mishale yote mitatu, nikairudisha kwenye kisahani chake, nikavuta kifundo kama nilivyokikuta, nikaifunika saa. Mzee aliporudi nilimuuliza daktari amesema nini. Akasema daktari amemwonya kuwa macho yameanza kuingia ukungu, ila bado yanafaa kazi.

Kesho yake akaweka mishale. Aliitegemeza saa vizuri, akabonyeza taratibu, mikono yake imetulia kuliko yangu. Aliposukuma kifundo, kimya. Akachukua lenzi, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaiweka chini, akaitazama mikono yake.

"Nimekandamiza sana," akasema.

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Nikanyamaza.

Mama Zainabu alipokuja, Mzee alisimama. "Mama, nisamehe. Ni mimi niliyeiharibu. Daktari alinionya, nami sikusikia."

Mama hakufoka. Aliifunga saa kwenye leso. "Katika vitu vyake vyote," akasema, "hii ndiyo iliyokuwa bado inatembea."

Wiki iliyofuata Mzee alinikabidhi vifaa vyake vyote, akahamia Njiru kwa binti yake, Nekesa. Kibanda kikawa changu, nikajulikana. Nilikuwa nikienda kumwona mara mojamoja, nimebeba sukari na unga, na ukweli nikirudi nao nyumbani.

Mwaka wa tano nikamwambia. Alinisikiliza hadi mwisho. Nekesa alikuwa ametuletea chai, kikombe changu kimejaa, cha baba yake nusu.

"Unaona hiki kikombe?" Mzee akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia asinijazie. Niliogopa mikono yangu. Mjukuu wangu alipozaliwa nilikataa kumpakata, nisije nikamwangusha."

Nikamwomba arudi kazini, nikasema vifaa bado ni vyake. Akageuza uso kwenye mwanga wa dirisha nione. Macho yalikuwa meupe kabisa.

"Siku ile bado nilikuwa na miaka mitatu, minne ya kazi," akasema. "Ungeniambia siku ile."

Hakunitukana. Alimwita Nekesa anisindikize hadi barabarani. Nilipomtafuta Mama Zainabu, duka lilikuwa na mwenyewe mwingine, na hakuna aliyejua alikohamia.

Mwanangu, kuharibu kitu cha mtu kunaweza kumpata fundi yeyote. Ningesema, Mzee angenigombeza, tungeenda pamoja kwa Mama Zainabu, tungeona aibu, basi. Lakini mimi nilimwacha mtu mzima aishushe thamani mikono yake mwenyewe kwa kosa langu, na hilo halina kipuri. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, wakati ukweli bado unaweza kumfaa uliyemkosea. Ukingoja hadi uwe tayari, utakuwa unasema kwa faida yako tu, na yeye utamwongezea uchungu.

Mungu akupe kazi ya mikono na watu wa kukuamini. Na siku utakapowakosea, kwa kuwa utawakosea, akufungue mdomo mapema.