Rangi ya Shingo ya Njiwa

Nnnng. Ndivyo ilivyolia sarafu ya fedha ikidondoshwa juu ya kipande cha marumaru: mlio mwembamba, mrefu, usiotaka kufa. Dada wa Fundi alikuwa ameshaota mvi, lakini mlio wa siku ile ulikuwa bado haujamtoka masikioni.

Mtaani walimwita hivyo tu, Dada wa Fundi, kana kwamba alizaliwa bila jina. Fundi mwenyewe alikuwa kaka yake mkubwa, mtengeneza saa, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki na asiyempa nafasi ya kulisahau hilo. Saa zilimlisha, ila kilichompa usingizi mtamu ni sarafu za fedha za kale. Wala hakuzitaka zinazong'aa. Alitaka zile zilizolala miaka na miaka ndani ya karatasi na vitambaa, hewa ikazipaka rangi polepole, kidogo kidogo, kama alfajiri isiyo na haraka. Waliozidhania chafu aliwacheka.

"Huu si uchafu, hizi ni mvi za fedha," alikuwa akisema. "Anayesugua sarafu ya kale ni sawa na anayemnyoa bibi yake akidhani atamrudisha usichana."

Kabati la sarafu lilitengenezwa na seremala wa mtaa wa pili, kijana mpole mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alilichonga droo kwa droo, akazitandika kitambaa laini, akalileta begani. Malipo hakuyataka. Alitaka kumwoa dada mtu.

Fundi alimkaribisha kiti mbele ya wateja waliokuja kuchukua saa zao. Akatoa sarafu, akaidondosha juu ya marumaru. Nnnng. Akasubiri mpaka mlio ukaisha. Kisha akamgonga seremala kichwani kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akawageukia wateja kwa uso wa mtu mwenye masikitiko.

"Hili ni bati," alisema.

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Seremala naye alijaribu kucheka, akashindwa katikati. Aliondoka, na baadaye akahama kabisa. Kabati lilibaki. Dada alisimama nyuma ya pazia la jikoni, mikono imejaa povu la sabuni, na hakuna mchumba mwingine aliyebisha hodi. Nani angekuja kugongwa kichwa?

Miaka ikaenda. Macho ya Fundi yakaanza kuona ukungu, ukungu ukageuka giza. Saa aliziacha, ila sarafu hakuweza. Kila alasiri alimwita dada yake akae dirishani avute droo.

"Anza ukingoni," alimwambia.

Naye alianza ukingoni. Alimsimulia dhahabu ya asali, ikifuatwa na wekundu wa kutu, kisha zambarau ya ganda la bilinganya. Moja waliiacha ya mwisho, ile iliyokuwa na bluu ya shingo ya njiwa, bluu inayogeuka kijani ukiinamisha kichwa. Kwa kuisimulia tu, dada akawa hodari wa maneno kuliko alivyojijua. Shukrani hakupata. Akikosea mpangilio wa rangi alirudishwa mwanzo kama mtoto wa darasa la kwanza, na akiharakisha aliambiwa kuwa hata kipofu anaona kwamba yeye ni mvivu.

Kisha siku moja mpita njia akaleta habari kwamba seremala amefariki. Dada aliomba ruhusa ya kwenda kuzika.

Fundi alikuna kidevu. "Kumbe bati nalo hupata kutu," alisema. "Kaa uvute droo."

Dada alikaa, akavuta droo, akasimulia rangi zote bila kukosea. Kaka yake alipolala kesho yake mchana, alikata ndimu, akachekecha majivu, akachukua kitambaa. Alizisugua moja baada ya moja, ile ya njiwa akaisugua mara mbili. Zilitoka nyeupe, zinang'aa kama vijiko vya dukani. Alizipanga kila moja mahali pake, na alasiri alipoitwa alikaa dirishani, akaanza ukingoni: dhahabu ya asali, wekundu wa kutu.

Fundi alivuta hewa puani siku ile. Kisha akasema, "Endelea."

Hakuwa na namna ya kujua, ndivyo dada alivyojipa moyo. Mwiko wa nyumba ile ulikuwa kushika sarafu ukingoni tu, usoni kidole hakigusi, na Fundi asingeuvunja mwiko wake mwenyewe. Basi akawa anamlisha uongo kila alasiri, huku akiingoja siku ya kumpa ukweli mbele za watu, kama alivyopewa seremala.

Siku hiyo aliitengeneza mwenyewe. Alimwita mwuza dawa, mkusanyaji mwenzake Fundi, ambaye walinuniana tangu mwuza dawa aliposema kwamba rangi ya ile ya njiwa si ya umri, ni ya kupikwa kwa dawa. Alimtumia ujumbe kuwa Fundi amekubali yaishe, aje ajionee.

Mwuza dawa alikuja na kioo chake cha kukuzia. Fundi aliposikia sauti yake alikaza mikono juu ya magoti, akasema leo mwanga hautoshi. Jua lilikuwa limejaa chumba kizima. Dada alivuta droo.

Mwuza dawa alipitisha kioo juu ya sarafu moja baada ya nyingine.

"Nani kafanya hivi?" mwuza dawa aliuliza hatimaye.

Dada alifungua kinywa. Maneno aliyokuwa ameyachonga miezi yote yalikuwa tayari ulimini.

"Mimi," Fundi alisema. "Nilizichoka."

Mwuza dawa alicheka, akarudisha kioo mfukoni. "Basi nilisema kweli, ndugu yangu. Ulipika, ukaogopa kuumbuka. Mwenye rangi ya kweli angekufa kabla ya kuisugua." Akatoka, na kicheko chake kilisikika mpaka njiani, anakokwenda kukigawa kwa kila aliyewajua.

Fundi hakuinuka. Uso wake ulikuwa umesinyaa kama ndimu iliyokamuliwa.

"Nilisikia harufu ya ndimu siku ile ile," alisema. "Eti ya kale hayanuki. Yalinuka nyumba nzima."

Dada alimuuliza kwa nini alinyamaza.

"Ningesema, ungeacha kunisimulia. Na ulianza kuzisimulia vizuri kuliko nilivyoziona." Alinyoosha mkono hewani, akakosa ukingo wa meza, akaurudisha. "Yameisha hayo. Nimekubeba leo, nami nibebe. Toa ile ya njiwa. Anza ukingoni."

Dada aliitazama mikono ile, kifundo cha kidole kimoja hasa. Hata kisasi chake, kaka yake alikuwa amekifanya chakula, akakila kila alasiri, na sasa alikuwa anaomba kuongezewa.

Aliitoa sarafu, akaidondosha juu ya marumaru. Nnnng. Alisubiri mpaka mlio ukaisha kabisa.

"Nyeupe, kaka," alisema, kwa sauti ya chini, karibu na sikio lake. "Kuanzia ukingoni, nyeupe."