Jiwe Lililoachiwa na Barafu

Gabrieli wa Nduguti anachechemea, na ukimuuliza mguu ulipatwa na nini, atakujibu bila haya kwamba jua lilimwangushia jiwe. Watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Kwetu ni nchi ya miamba. Tumezaliwa tumeikuta, tunaanika mtama juu yake, asubuhi za baridi tunaiegemea kuota jua, na hakuna hata mmoja uliowahi kuhama. Jiwe litembee lenyewe? Basi mtu huyo alikuwa amelewa. Hata mkewe, Ritha, aliamini hivyo, ila yeye hakucheka.

Ujanani Gabrieli alikuwa mgumu, ndivyo wanavyojiita wapagazi wa Kilimanjaro. Asubuhi moja, juu karibu na barafu, kiongozi wa msafara aliwakataza kupumzika chini ya majabali. Lakini Gabrieli alikuwa anatetemeka, akaona mwamba uliopigwa na jua, akafanya kama angefanya kwao: akauegemea. Jiwe likaporomoka kutoka juu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na la kwake lilivunjika pawili.

Mwaka huu Witness, binti yake wa pekee, akapata kazi hiyohiyo. Alikuja kuomba baraka za safari, na katika nyumba ile baraka ni maji: mzazi hupiga funda, akampulizia mwanawe. Bila hayo Witness asingeondoka.

"Kwanza unisikilize," Gabrieli akamwambia. "Theluji ikiyeyuka mchana, maji yanaingia kwenye nyufa. Usiku yanaganda, barafu inashika mawe yote, mlima unatulia kimya. Jua likitoka, barafu inaachia. Ndiyo maana pale tunapita kabla hakujapambazuka."

"Sawa baba, nimesikia," Witness alijibu, huku akificha tabasamu.

Gabrieli aliliona tabasamu lile, likamtia hofu. Hakuhofia baridi wala mzigo mzito, maana binti alikuwa na nguvu za kutosha. Alihofia kwamba siku moja atachoka, ataona mwamba wenye jua, na atauegemea. Hakumpa maji.

Kesho yake alijaza sufuria kokoto na mawe, akatia maji, akaipeleka kwa Idrissa, muuza soda mwenye friza.

"Mzee Gabrieli, leo unagandisha kokoto?" Idrissa alimtania. "Mteja wako nani, kuku?"

"Wewe gandisha tu."

Asubuhi iliyofuata Gabrieli aliipindua sufuria uani kama anapakua ugali, akausimamisha mgando ule kwenye sinia, mbele ya mkewe na binti yake. Akampa Witness nyundo. Witness alipiga, mawe hayakutikisika. Kisha wakakaa wakingoja jua, Ritha akichambua mboga. Jua lilipofika, kwa muda hakikutokea kitu. Halafu kokoto moja ikadondoka, ti! kwenye sinia. Ikafuata nyingine. Ghafla jiwe kubwa la juu likajing'oa, likabingirika hadi miguuni pa Ritha. Hakuna aliyeligusa.

Ritha aliliangalia jiwe, akamwangalia mumewe. Mboga zikamtoka mikononi.

"Pole na mguu, baba Witness," alisema. Mguu huo ulivunjika Witness akiwa bado ananyonya. Gabrieli akainama, akaanza kuokota kokoto huku akitabasamu.

Siku ya safari iliamka na upepo wa baridi. Gabrieli alikuwa nyuma ya nyumba, penye mwamba ambao familia yake huuegemea kuota jua, Witness alipokuja na begi lake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Jua lilikuwa limeshaufikia mwamba. Witness aliutazama toka chini hadi juu, kisha akavuta kigoda chake hadi katikati ya uwanja, akaketi kwenye upepo, amejikunyata. Mwamba ule haujasogea tangu enzi za mababu, wala hautasogea. Gabrieli hakumwambia hivyo. Alimwita Ritha alete maji.