Machela ya Watu Wawili

Mtaa mzima ulijua kwamba Bi Sindano hakosei kipimo. Umpelekee kiti cha lori, umpelekee hema la mkutano, atalizunguka mara moja, atapima kwa shibiri yake, halafu anakata. Futi ya kupimia alikuwa nayo, inaning'inia shingoni kutwa, ila aliivaa zaidi kwa ajili ya wateja wageni, wasije wakadhani wameingia kwa mtu wa kubahatisha. Kosa lake lilisemekana kuwa moja tu maishani, na aliyelitangaza si adui. Ni mumewe mwenyewe.

Mumewe alikuwa dereva wa gari la porini, lile refu lenye keria ya chuma juu ya paa, lililokodiwa na wapima ardhi kwenda kusikofika barabara. Watu walimwita Kona, kwa sababu alipiga honi kila kona, hata ile ya kuingilia nyumbani kwake ambako cha kugongwa kilikuwa kuku tu. Macho yake enzi hizo yaliona msumari barabarani hatua mia moja mbele. Kumbukeni hilo, maana ndilo linaloniudhi mimi kila nikiisimulia habari hii.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yao Kona alirudi safari akilalamika mgongo. Miezi miwili alikuwa akilala kwenye kiti cha dereva, magoti kidevuni. Bi Sindano alichukua turubai zito la kijani, akapaka uzi nta, akamshonea machela, kitanda cha kuning'iniza, yenye pete za chuma kila upande. Fundi wa kuchomelea akaweka mabomba mawili kwenye keria, moja mbele, moja nyuma, yanayovutwa kutoka ubavuni mwa gari. Machela inafungwa huku na huku, inaning'inia kando ya milango, na dereva hahitaji kutafuta miti ya kuifungia.

Sasa, kila anayeshona turubai huacha akiba. Shibiri moja hivi, kwa sababu turubai likinyeshewa mara ya kwanza hurudi, hupungua. Machela ya Kona ilinyeshewa, ikarudi, na bado ilikuwa pana hata mtu anaweza kupotelea humo. Kona akarudi nyumbani anacheka.

"Mke wangu, leo nimekukamata. Umeweka akiba mara mbili."

"Basi ikunje," Bi Sindano alimjibu, akainamia cherehani.

Kona akaikunja. Na hadithi akaibeba. Akamsimulia fundi wa kuchomelea, akamsimulia msusi jirani, akawasimulia wapima ardhi wote waliopanda lile gari: mke wangu hajawahi kukosea, isipokuwa kitanda cha mumewe. Aliisimulia kwa mapenzi, hakuna aliyelitilia shaka hilo. Miaka ishirini na sita.

Ukweli ni kwamba Bi Sindano hakuweka akiba mara mbili. Alimpima mumewe, akajipima na yeye, akajumlisha, akakata. Basi. Ilikuwa machela ya watu wawili, na alimwachia Kona aone mwenyewe, aje amwambie, jiandae twende. Alikuwa bibi harusi wa juzi, anaona haya kusema. Akasubiri aulizwe. Hakuulizwa. Jambo usilolisema mwaka wa kwanza, mwaka wa tano linakuwa zito, mwaka wa kumi una watoto watatu na oda za viti vya shule, utaanzia wapi?

Lakini hamu haikumtoka. Kila Kona aliporudi, kabla hajamaliza kufungua kamba za buti, mkewe alimuuliza swali lilelile: "Safari hii ulilala wapi?" Na Kona, Mungu alimjalia mdomo, alimweleza. Alimweleza uwanda wenye twiga watatu. Alimweleza pango linalotoa upepo baridi mchana. Zaidi alimweleza kuhusu kona moja ya mto yenye mawe meupe, bapa, ambapo alilala kila safari ya upande ule, na asubuhi ndege wadogo walikuja kutua kwenye bomba la keria juu ya uso wake. Bi Sindano alisikiliza akikanyaga cherehani polepole ili isipige kelele.

"Siku moja nitakupeleka," Kona alisema kila mara. Alimaanisha. Ila gari lilikuwa linajaa wapima ardhi na vyombo vyao na mapipa ya maji, na siku moja haikuwa na nafasi ya kukaa.

Halafu macho ya Kona yakaingia ukungu. Daktari wa zahanati akamshika bega, akamwambia mzee, usukani basi. Ikaamuliwa gari lipewe mkwe wao, mume wa binti mkubwa, naye dereva, ambaye angekuja kulichukua Jumamosi baada ya chakula cha mchana.

Jumamosi hiyo Bi Sindano aliamka kama mtu anayefanya mtihani. Aliosha vyombo viwili, akaacha vingine. Akatoka uani, ambako Kona alikuwa anafuta gari vumbi asiloliona.

"Baba watoto. Hebu itundike ile machela kabla gari halijaondoka."

"Ya nini tena?"

"Nataka kuiona tu ikiwa imetundikwa. Sijawahi kuiona."

Hapo alisema uongo, maana hakutaka kuiona tu. Alitaka kulala humo, mara moja, likiwa bado gari lao. Alikuwa amejiapia kwamba ikishatundikwa atapanda bila kuomba ruhusa, na mengine yatajulikana hukohuko juu.

Kona alifurahi kama aliyepewa safari. Akavuta handbreki. Akapanga mawe chini ya magurudumu manne, akavuta mabomba, huku anafundisha. "Kamba ya kuzuia bomba unaifunga kwenye mguu wa keria, unaona? Siyo kwenye reli. Ukifunga kwenye reli, reli inapinda, unaamka umekaa chini na mgongo unakuuliza maswali." Vidole vyake vilifunga fundo bila msaada wa macho. Kisha akatoa machela nyuma ya kiti, akaikung'uta, akaingiza pete.

Bi Sindano aliona kabla haijamaliza kukunjuka. Ilikuwa nyembamba. Pembeni ilikuwa na pindo jipya, limekwenda upande kama mtu aliyetoka kilabuni, kwa uzi mweupe kwenye turubai la kijani.

"Nimekurekebishia," Kona alisema. Alikuwa anangojea sifa. "Juzi ulipoenda sokoni. Nilisema siwezi kumpa mkwe kitu chenye kasoro, kesho akufanye kichekesho kwa madereva wenzake. Mimi kukucheka ni haki yangu, lakini yeye hapana. Sasa hakuna atakayejua kwamba uliwahi kukosea."

Bi Sindano alikaa kwenye kikanyagio cha gari.

"Kipande kiko wapi?"

"Kipande gani?"

"Ulichokata."

"Nimefungia jeki. Kwani vipi, mama?"

Akamwambia. Hakupandisha sauti. "Haikuwa akiba. Nilikupima wewe, nikajipima na mimi. Nilikuwa nataka uniite, Kona. Kila ukiwasha hilo gari nilikuwa nataka uniite."

Kona alisimama na ncha ya machela mkononi, akalipapasa lile pindo lake mwanzo hadi mwisho.

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nini hukuuliza?"

Hapakuwa na ugomvi kwenye sauti ya yeyote. Kuku walipita kati yao wakitafuta makombo. Kona akazunguka nyuma ya gari, akasikika anahangaika na vyuma, akarudi ameshika kipande cha turubai kama mtu anayerudisha mtoto wa jirani.

"Kina grisi."

"Lete."

Akakaa kwenye cherehani na wembe, akafumua pindo la mumewe, mshono kwa mshono. "Ulishonea nini hapa, msumari?" alisema, na Kona akashukuru kimoyomoyo kwamba ametaniwa. Yeye alibeba uzito wa turubai upande wa pili wa meza, akisukuma akiambiwa sukuma, akisimama akiambiwa simama. Kipande kilipounganishwa Bi Sindano akalaza shibiri yake juu ya machela, mara moja, mara mbili, mara ya tatu.

"Haitoshi?" Kona aliuliza.

"Kuna mahali pamepungua."

"Kidogo nilifutia kioo."

Bi Sindano alimtazama mtu huyu aliyezaa naye watoto watatu. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Mimi ningemrushia kiatu. Yeye alikata uzi kwa meno, akaikunja machela begani.

"Basi tutabanana," alisema.

Jua lilikuwa limefika katikati walipoitundika tena. Kona alimwonyesha jinsi ya kupanda: kaa katikati kwanza, shika ukingo, halafu miguu pamoja, usiutangulize mmoja kama unapanda baiskeli. Akapanda mama. Akapanda baba. Mabomba yakalia, gari zima likainama upande wao, na Bi Sindano akashika shati la mumewe.

"Itatuchukua?"

"Keria hii imebeba mapipa sita ya maji mlimani. Sisi ni nini."

Msusi jirani alichungulia juu ya ukuta, kitana kikiwa bado mkononi. Alipoona miguu minne inaning'inia kando ya gari akasahau alichokuja kuomba.

"Bi Sindano, kulikoni?"

"Nasafiri," Bi Sindano akajibu.

Msusi akashuka ukutani taratibu.

Walilala bega kwa bega, mmoja akipumua mwenzake anasikia. Mshono wa kuunganisha ulipita katikati, chini ya mgongo wa Bi Sindano, mgumu, unakwaruza. Mshono wa aina hiyo haulainiki, fundi anajua. Turubai lilinukia grisi na jua na moshi wa sehemu ambazo hakuwahi kuziona, na hapo ndipo uchungu ulipomshika hasa, kwa sababu ilikuwa raha. Ilikuwa raha vilevile alivyofikiri ingekuwa, na gari linaondoka leo.

"Tuko wapi?" aliuliza.

Kona aliinua kichwa. Akaona ukungu wa ukuta, ukungu wa kamba ya nguo. "Tuko uani, mama."

"Kona."

"Haya. Haya." Akalaza kichwa tena. "Tuko mtoni. Pale kwenye mawe meupe. Wapima ardhi wamekwenda kilimani, tumebaki peke yetu. Maji ni machache msimu huu. Mto upo hapa kulia kwako, na upande wa pili..."

"Kushoto," Bi Sindano alimkatiza, macho ameyafumba.

"Eh?"

"Ulisema unaegesha gari likitazama kilima, unalala kichwa mbele. Ukilala hivyo mto uko kushoto. Kulia ni ule mti uliopigwa radi."

Kona alikuwa amelala pale mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na alikuwa amepasahau, na huyu hakuwahi kufika. Akatafuta mkono wake kwenye turubai, akaushika.

"Kushoto," alikubali. "Nisamehe, mama. Mto uko kushoto."

Geti likalia. Mkwe aliingia na mfuko wa matunda, mtu mwenye adabu zake, akaona viatu vya mama mkwe vimepangwa chini na mwenyewe yuko juu, amelala na baba mkwe kwenye gari alilokuja kulichukua. Aligeuka haraka akatazama ukuta.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba," aliuamkia ukuta.

"Marahaba," Bi Sindano aliitikia. Hakuinuka, wala hakufumbua macho. "Kuna ndoo hapo, mwanangu, kaa. Bado hatujarudi."

Mkwe akaigeuza ndoo, akakaa akiwa amewapa mgongo, mfuko wa matunda magotini.