Simu za Malalamiko Ziende kwa Meneja

Kwa miaka kumi na saba, kila aliyeipigia simu ile kampuni ya kuuza na kutengeneza friji alipokewa na sauti yake. Wafanyakazi walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Wateja aliwajua kwa pumzi tu: huyu ana haraka, huyu kapandwa na hasira, huyu anatafuta mtu wa kuzungumza naye.

Kisha friji ya mama mmoja mwenye duka la dawa ikafa. Alipiga simu mara sita siku hiyo, na mara zote sita meneja wa ufundi alimpungia Shangazi mkono: "Mwambie nimetoka." Dawa zikaharibika. Kwenye kikao, mbele ya mkurugenzi, meneja akasema bila kupepesa macho, "Mimi sikupewa ujumbe wowote. Labda umri umeanza kumchezea Shangazi."

Kuna waliocheka. Shangazi akainuka, akatoka. Jumatatu akahamishiwa stoo, kuhesabu skrubu na mipira ya milango ya friji.

Alimchukia yule meneja kwa bidii. Akipika, anamchukia, akifua, anamchukia.

"Utajiumiza bure, mke wangu," mumewe alimwambia.

"Niache nijiumize. Lakini sitaumia peke yangu."

Miezi minne baadaye kampuni ikanunua mtambo wa simu unaojibu wenyewe. Fundi aliyekuja kuufunga akauliza nani anajua simu za hapa zinavyoingia na zinakokwenda. Watu wakatazamana. Ikabidi Shangazi aitwe kutoka stoo, mikono imejaa vumbi.

"Tupange kanuni, mama," fundi alisema, kompyuta mapajani. "Anayetaka kununua?"

"Abonyeze moja, aende mauzo. Wakiwa na mtu mwingine, asubiri kwenye foleni."

"Mwenye malalamiko?"

Shangazi akajiweka sawa kitini. "Abonyeze mbili. Iende kwa meneja wa ufundi. Ikiita mara nne hajapokea, imfuate kwenye simu yake ya mkononi. Na huko asipopokea, iruke moja kwa moja kwa mkurugenzi."

Fundi akaacha kuandika. "Kwa mkurugenzi mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na mtambo umwambie nani hakuipokea."

Karatasi ya kanuni ikapelekwa kwa meneja. Akaitia sahihi amesimama, huku akipiga soga na mtu wa mauzo, hakusoma hata mstari mmoja.

Wiki ya kwanza mkurugenzi alipokea simu thelathini na moja. Ijumaa meneja akateremka stoo, kanywea.

"Shangazi, tafadhali, waambie wakiondoe kile kipengele. Bosi ananipigia kila saa. Nitafukuzwa!"

"Si uliweka sahihi?"

"Nimekosa, dada yangu."

"Siku ile ya kikao nilifika nyumbani nikalisahau jina la mwanangu wa kumzaa," alisema, bila kuacha kuhesabu skrubu. "Kwa aibu. Nenda kapokee simu."

Mwisho wa mwezi meneja akavuliwa cheo. Mkurugenzi alimwita Shangazi ofisini, akafunga mlango, akaanza kumwomba radhi.

"Si hapa," Shangazi alimkatiza. "Niombe radhi kikaoni, na yeye akiwepo."

Ikawa hivyo. Watu walewale, meza ileile. Mkurugenzi alipokuwa akizungumza, Shangazi alimkazia macho yule aliyekuwa meneja tangu neno la kwanza hadi la mwisho, wala hakumwonea huruma hata chembe.