Wastani Nilioutilia Saini

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, nikapandishwa ngazi za mbao hadi ghorofa ya pili ya jengo moja la Malindi, Unguja mjini, ambako kelele za bandarini zinasikika kuliko mtu anayezungumza nawe. Mkuu wa Kitengo cha Takwimu aliniwekea visahani viwili vya karafuu. Kimoja kilikuwa na karafuu zilizoanikwa kwenye mkeka, chengine zilizoanikwa kwenye sakafu ya saruji.

"Zipi nzito?" akaniuliza.

Nikavinyanyua vyote viwili, nikasema za mkekani.

"Hizo ulizoshika, au karafuu zote za mkekani za Unguja nzima?"

Nikavitazama tena vile visahani.

"Basi kazi yako ni hiyo hapo ulipokwama," akasema. "Haya, kaa."

Kwa vijana wa sasa, mnaobonyeza kitufe kompyuta ikawapa jibu, nieleze kidogo. Huwezi kupima karafuu zote za kisiwa, kwa hiyo unachukua chache, na hizo ndizo sampuli. Unatafuta wastani wa kundi la kwanza na wastani wa kundi la pili. Lazima namba hizo mbili zitapishana kidogo, maana hata visahani viwili vya gunia moja havilingani. Swali ni kama tofauti hiyo ni ya kweli au imetokea kwa bahati tu. Unaanza kwa kudhani kwamba hakuna tofauti. Kisha unaangalia mtawanyiko, yaani vipimo vya kila kundi vimeachana au vimekaribiana kiasi gani. Kutokana na mtawanyiko huo na wingi wa sampuli unapata kosa sanifu, yaani kiasi ambacho bahati peke yake ingeweza kuuyumbisha wastani, unaligawa pengo la wastani kwa kosa hilo, na jibu unalilinganisha na jedwali. Likizidi la jedwali, unaiacha ile dhana ya mwanzo. Lisipozidi, unaandika: tofauti haikuthibitika. Huandiki kwamba haipo. Mkuu wa Kitengo alinirudishia ripoti mara tatu kwa sababu ya maneno hayo.

Kutoka Malindi nilipelekwa kituo cha kilimo cha Kizimbani, kupima mavuno ya pilipili manga chini ya Afisa Mfawidhi, mzee wa maneno machache. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mpimaji hali chakula kwa mtu anayempima.

"Ukishakula wali wake utamwonea huruma," alinambia. "Na mkono wenye huruma hausomi mizani."

Nikalishika hilo kama sala. Kila niliposimamisha gari shambani nilikula mkate wangu humo humo garini, vioo juu. Wakulima wakinikaribisha, najibu, "Ahsanteni, nshakula." Mara nyingi nilikuwa sijala kitu tangu alfajiri. Ndoa yangu ilivunjika nikiwa kituo hicho. Mume wangu alichoka na mke wa safari, na mimi sikubembeleza. Sikujaaliwa mtoto. Nilijiambia kazi inatosha, na kwa miaka mingi karibu itoshe.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa pwani ya mashariki, kwenye mradi mmoja wa mwani. Majina nimeyabadilisha na kijiji sikitaji, kwa sababu mtakayoiona. Wanawake wa pale walikuwa wakilima mwani ufukweni, kwenye maji ya magotini, lakini maji yale yalikuwa yamepata moto na mwani ukawaozea kambani. Mradi ukataka kujaribu kilimo cha maji ya kina. Tukawagawa wanawake makundi mawili kwa kura. Kundi moja likapewa vihori, mitumbwi midogo ya kasia, na kamba zenye maboya, kundi jengine likabaki ufukweni. Tofauti ikithibitika, wote watapewa vihori. Isipothibitika, hata vile vilivyokuja vitarudi.

Bi Mize aliangukia kundi la maji ya kina, na mdogo wake, Fatma, akabaki ufukweni. Bi Mize alikuwa mjane, watoto wake watatu wako skuli, na kuogelea amejifunza ukubwani, dumu tupu limefungwa kiunoni, vijana wakimcheka.

"Bi Takwimu," aliniambia siku moja, "hiyo hesabu yako itoke vizuri. Mie kule kwenye maji moto sirudi tena, sina nguvu ya kulima uozo."

"Hesabu haipendelei mtu, Bi Mize."

"Sikukwambia ipendelee. Nimekwambia itoke vizuri."

Kila maji ya bamvua, bahari inapokupwa sana, tulipima. Wanawake walileta magunia pwani asubuhi, Sheha, kiongozi wa serikali pale kijijini, akakaa kitini akishuhudia, mimi nikasoma mizani na kuandika. Msimu ulipokwisha nikafanya hesabu yangu, nikairudia kwa mkono kama nilivyofundishwa Malindi. Wastani wa makundi mawili ulikuwa karibu sawa. Kitu kimoja tu kilikuwa cha ajabu: magunia ya ufukweni yalikaribiana mno kwa uzito. Nilipaswa kujiuliza kwa nini bahari imekuwa ya haki kiasi hicho. Badala yake nikafurahi kwamba takwimu zangu ni safi. Nikaandika tofauti haikuthibitika, nikatia saini.

"Basi hapana la kujadili," alisema Mratibu wa Mradi, na vihori vikapakiwa kwenye lori. Bi Mize alisimama kando na kasia lake mkononi mpaka alipoambiwa na hilo pia ni mali ya mradi.

Baada ya miezi michache nilirudi kijijini kukusanya fomu zilizobaki. Mvua ikanikuta mbali na gari, nikakimbilia ukumbini kwa Bi Mize. Alikuwa jikoni, na Fatma anakuna nazi. Nikakaribishwa, nikasema nshakula.

"Hujala," akasema Bi Mize. "Tumbo lako nalisikia kutoka huku."

Nikala muhogo wa nazi na pweza, mara ya kwanza katika utumishi wangu wote. Fatma akachangamka, akaanza kumsifia dada yake.

"Huyu Mungu amlipe. Kila siku ya kupima akinijazia gunia langu. Mie mwani wangu haukuwa hata nusu. Ningeaibika mbele ya wageni na Sheha."

"Wewe peke yako?" nikauliza.

"Sote. Wa majini wakiwajazia wa ufukweni kabla hujafika. Kwani wewe ungemwacha mdogo wako aaibike?"

Nikalirudisha tonge sahanini. Hesabu ile ina sharti moja kubwa: kila kipimo kisimame peke yake, gunia la huyu lisiguse la yule. Fatma akatoka kukinga maji ya mvua. Bi Mize akaacha kukoroga.

"Ndiko hesabu ilikoharibika?"

"Ndiko."

"Tukidhani unajua. Pwani nzima ikijua." Akafunika chungu. "Kwa hiyo nisingemjazia, vihori vingekuwapo."

"Naona vingekuwapo."

"Usimwambie Fatma," akasema. "Niahidi."

Nikamwahidi. Niliandika barua ya kuifuta ripoti yangu. Mratibu aliisoma amesimama, akaniuliza nani kalalamika. Nikasema hakuna. Mradi ulikuwa umeshafungwa, na jaribio halikurudiwa. Bi Mize alirudi maji moto msimu mmoja, kisha akenda Dar es Salaam kumlelea binamu yake watoto. Mimi nikastaafu kwa cheti na saa ya ukutani.

Sasa nakaa Kiembe Samaki, karibu na uwanja wa ndege, na ndege zinapita juu ya bati langu. Siku nyengine asipopiga hodi msoma mita wa umeme, sauti yangu siisikii. Sifichi, upweke unaniuma. Aliyekuwa akija ni Fatma, peke yake. Kila akija mjini kuuza sabuni za mwani alipitia kwangu, tukala pamoja, akaosha vyombo kwa nguvu, akalala mchana kwenye mkeka wangu. Nikianza kumngoja tangu juzi yake.

Mara ya mwisho, tukiwa tunachambua mchele, akaniuliza.

"Bi, hivi ile hesabu ilikataa kwa nini? Dada yangu nikimuuliza hanijibu. Kazeeka kwa watu kwa ajili ya ile hesabu."

Ningeweza kumweleza sharti lile la magunia. Fatma ana akili, angefahamu mara moja.

"Nilikosea mimi," nikamwambia.

"Wewe?"

"Mimi. Nilitia saini hesabu mbovu."

Akakung'uta mikono, akajitanda kanga yake, akachukua kikapu cha sabuni. Mlangoni hakuniaga. Tangu siku hiyo Ramadhani imeingia na kutoka, na siku za soko bado napika wali wa watu wawili.