Dhambi Zangu na Ng'ombe wa Baba

Mwezi uliopita nilipanda tena kile kilima chetu cha upande wa Itiryo, kwenye jubilei ya parokia. Kanisa ni jipya, kubwa, lina spika nne. Kijana mmoja wa kwaya alinionyesha kiti cha zamani cha kitubio, kimewekwa stoo juu ya mifuko ya saruji. Nikakitazama mpaka yule kijana akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia ni jua tu. Wewe sitakudanganya, haikuwa jua.

Misheni ilipofika kwetu, miaka ya hamsini, nilikuwa na umri wa kama miaka kumi. Sijui kama unaweza kuelewa tulivyomshuku yule padri. Mzungu mzima, hana mke, hana mtoto, hana hata ndama, ameacha wazazi wake huko kwao akaja kuchoma matofali kilimani kwetu. Anatafuta nini? Wengine walisema anapima ardhi. Bibi yangu, mama wa baba, alikuwa na lake: huyu ni sikio la serikali. Alilisema akisonga ugali wa ulezi, alilisema akitikisa kibuyu cha maziwa, na mimi nilimwamini. Lakini mama alikuwa ameponea kwenye zahanati ya misheni, kwa hiyo niliruhusiwa kwenda kusoma dini.

Mwalimu wa dini alitufundisha kwa fimbo. Karibu na Komunyo ya kwanza akatueleza kuungama: unapiga magoti, unamwambia padri dhambi zako zote bila kuficha hata moja. Jioni nikayarudia hayo nyumbani kwa madaha, nikijiona msomi. Baba akaacha kutafuna.

"Zote?" akauliza.

"Zote, baba."

"Na anaandika?"

Nikasema sijui. Bibi akacheka kicheko kile chake kisicho na furaha.

Sasa nikwambie kilichokuwa kinatusumbua. Wiki chache nyuma nilikuwa nimeingia zizini asubuhi kuzoa samadi nikakuta ng'ombe watatu wageni, masikio yao yamekatwa alama isiyo yetu. Walikuwa wametoka ng'ambo ya mpaka, na hawakununuliwa. Baba aliniagiza nikiulizwa niseme ni mahari ya shangazi. Jirani aliniuliza, nikasema hivyo hivyo. Kwa hiyo nilikuwa na dhambi ya uongo, na ningeiungamaje bila kuwataja ng'ombe?

Baba aliliona hilo kabla yangu. Aliniita nyuma ya zizi, akaongea taratibu, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Dhambi zako ni zako," akasema. "Ng'ombe ni wangu. Usivichanganye."

Jumamosi akanituma na bibi, ati anisindikize. Bibi alikaa mlangoni mwa kanisa na kiko chake, shingo ameinyoosha. Masikio yake yalikuwa hayasikii vizuri siku nyingi, ila hakuna aliyethubutu kumwambia. Nikapiga magoti. Nikaungama kwamba nililamba malai ya maziwa na nilimpiga mdogo wangu. Padri akauliza, "Na lingine, mtoto wangu?" Nikawakumbuka wale ng'ombe watatu. Kisha nikasema hakuna. Akaniambia nisali sala ya kutubu, nami nikaisali yote, ndefu ile, kwa haraka, midomo ikinichezacheza.

Tulipofika nyumbani baba alikuwa anatusubiri njiani. Hakuniuliza mimi. Alimuuliza mama yake.

"Amesema maneno mengi," bibi akajibu. "Mengi mno. Hata pumzi hakupata."

Nililia, nikaapa, nikaisali ile sala mbele yao wajue maneno mengi yalikuwa hayo. Nani angeamini? Jumanne askari wa boma la Tarime walikuja, wakaenda moja kwa moja zizini. Waliwachukua ng'ombe watatu, na baba pia. Alipopita karibu yangu na pingu alinitazama kama unavyomtazama mtu wa ukoo mwingine.

Alirudi baada ya mwaka. Hakunipiga, na ningefurahi angenipiga. Aliacha tu kuongea mambo yake nikiwa karibu. Nikiingia, mazungumzo yanageukia mvua. Niliolewa, nikazaa, na bado nikienda kumsalimia, shikamoo baba, marahaba, basi, tunaanza kuzungumza mvua.

Uhuru ulikuwa umeshapita zamani, baba amezeeka, alipoamua naye kubatizwa. Baadaye akaenda kuungama, mimi nikimsindikiza, kwa padri yule yule, naye sasa ana mvi. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka akanishika mkono, akaniongoza mpaka nje.

"Nimemuuliza kama ulinisema," akasema. "Amekataa kujibu. Nikamwambia, sema tu hapana, niende zangu. Akakataa. Mara tatu." Akatikisa kichwa. "Mtu wa namna hii hawezi kuwa aliwaambia askari."

Nikadhani ananisafisha mimi. Kisha nikaelewa kwamba aliyesafishwa ni padri.

"Baba, mimi sikusema."

"Hata kama ulisema, mwanangu," akajibu kwa upole, "yamekwisha."

Siku hizi vijana wanapanga foleni ya kitubio huku wakichezea simu, hakuna anayehofia neno la mtoto, na nakiri ninawaonea wivu. Baba amekufa, bibi amekufa, padri amezikwa pale pale kilimani. Aliyewaita askari simjui mpaka leo, ingawa kila jirani nimeshamshuku kwa zamu yake. Nimebaki peke yangu ninayejua kwamba sikusema. Na sasa nimekueleza wewe, rafiki yangu, na ninaona unavyonitazama.