Tulivyoshindania Chewa Sur

Ningelikataa, siku ile ingelikwisha kwa kahawa na halwa. Lakini mkwe wangu wa Sur, baba wa mume wa binti yangu, aliniuliza mbele ya wanawe, boti ikiwa tayari majini: "Tukavue. Atakayepata chewa mdogo ndiye atakayekwenda kwa mwenzake kuomba suluhu. Unakubali, au unaogopa maji?"

Nikakubali.

Binti yangu alikuwa amesusa. Aligombana na mama mkwe wake, akarudi kwangu Nizwa, bara ya Oman, tangu kabla ya tende kuvunwa. Siku hizo joto lilikuwa limelegea na hasira zake zimekwisha. Asubuhi ile, kabla sijawasha gari, aliniinamia dirishani. "Baba, waambie niko tayari kurudi. Hata wasipokuja kunifuata, si kitu. Wewe nipeleke." Hilo tu ndilo lililonipeleka Sur.

Tuliingia wawili katika boti yake ya faiba. Hakukuwa na upepo.

"Hori lenu limetulia kama ziwa," nikasema.

"Ziwa? Babu zangu wamekwenda Unguja na kurudi kwa maji haya. Usiyafananishe na vidimbwi vyenu vya bara."

"Kidimbwi cha kwetu Ujiji nilikozaliwa kingeimeza Sur yako na Nizwa yangu, na nafasi ikabaki."

"Ndiyo maana Kiswahili chenu kimelowa tope."

Hakuna aliyecheka. Yeye alikuwa na fimbo mpya ya kuvulia, ya gurudumu. Mimi nikatoa mshipi wangu wa mkono.

"Umekuja kuvua, mkwe, au kuanika nguo?"

Nilitia ngisi kwenye ndoana nikaiteremsha kandokando ya mawe. Utotoni nilivua sangala ziwani, na chewa tabia yake ni ile ile: akishameza, hukimbilia pangoni, na ukimlegezea kidogo tu umemkosa. Samaki walikuwa na njaa siku ile. Tulipata sote wawili, mmoja baada ya mwingine, mpaka sanduku la barafu likakaribia kujaa. Sijawahi kuvua vile tangu nije Oman, na sikufurahia hata dakika moja. Nilikuwa nikiwatazama samaki wake tu.

Kisha fimbo yake ikapinda hasa. Akalegeza mshipi ili usikatike, chewa akaingia chini ya jiwe, basi.

"Mwite," nikamwambia. "Labda anawajua babu zako."

Akanitazama kwa chuki, akafunga ndoana nyingine.

Wa kwangu alikuja karibu na adhuhuri. Mshipi ulinichana viganja, lakini sikumpa nafasi. Nilipompakia botini alifunika miguu yangu. Mkwe wangu akaiweka fimbo yake chini.

"Khalas, yamekwisha. Umeshinda," akasema kwa sauti ya chini. "Ijumaa nitakuja Nizwa na mwanangu, tumchukue mkewe. Lakini maneno haya yabaki hapa. Wanangu wasiyasikie kwako."

Ningeweza kumwambia pale pale kwamba binti mwenyewe anataka kurudi. Nilinyamaza. Niliona nikisema nitakuwa nimempunguzia aibu.

Tulipofika pwani wanawe walikuwa wakingoja, na wavuvi wengine pamoja nao. Nikamnyanyua yule chewa kwa mashavu yake kwa mikono miwili. "Muulizeni baba yenu," nikasema, "nani anakwenda kwa nani kuomba suluhu."

Wavuvi wakacheka. Mmoja akasema, "Ala, mtu wa bara kamvua Msuri." Mkwe wangu akaniwekea sanduku zima ndani ya gari, samaki wake na wangu. Hakunipa mkono.

Njiani nilipita mji wa Ibra nikiimba. Nyumbani binti yangu aliuliza kama nimewaambia. Nikamjibu, "Watakuja wenyewe Ijumaa. Tayarisha wali."

Alipika. Hawakuja. Alinisihi niwapigie simu, nikasema aliyeshindwa ndiye anayekuja. Nilisema hivyo wiki baada ya wiki, mpaka ilipokuja talaka. Baadaye tulisikia kwamba kijana mwenyewe hakuitaka, bali baba yake alimlazimisha.

Sasa kijana ameoa mwingine. Binti yangu bado yuko kwangu. Huniamkia shikamoo, huniwekea chakula, kisha huenda kula jikoni. Alimpenda mume wake naye akampenda, na mimi ndiye niliyeivunja nyumba yao. Yeye amekosa mume, mimi nimekosa mtoto.